Mtoto wa Tupokigwe ni Pacha?

Basi letu kutoka Mbeya lilipoingia kwenye ukungu wa Isongole, mama mmoja aliyekumbatia robota la vitenge, ambavyo miaka ya nyuma, vilipokuwa magendo, vingemfikisha polisi, alimuuliza jirani yake, "Ni wa kwanza huyu, mwanangu?"

Yule binti, Tupokigwe, alimtazama kichanga mapajani. "Wa kwanza, mama. Mirija ya uzazi iliziba, nikapasuliwa wakaizibua. Nikashika mimba. Siku moja nachuma chai, tumbo likanikata, nikaanguka. Hospitali wakakuta mimba imetunga kwenye mrija, na mrija umepasuka. Wakautoa."

"Na huyu je?"

"Alikuwemo kwenye mfuko wa uzazi. Hakuna aliyejua, mpaka tumbo lilipoendelea kukua."

Mimi, niliyejifanya nimelala nyuma yao, nilifumbua macho yote mawili.

"Basi ni pacha!" mama akasema.

"Mama mkwe anasema hivyohivyo, anataka mila za mapacha zifanyike. Mume wangu ni mlokole, anasema aliyezaliwa ni mmoja, yaishe."

"Asiyezaliwa naye alikuwa mtoto. Huyo mumeo haoni?"

"Anaona, mama. Anaogopa tu kumtaja."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui. Ila nikimnyonyesha, ziwa la kushoto nachelewa kumpa, kama vile kuna mwingine analisubiri."

Mama wa vitenge alifungua mdomo kujibu, basi likasimama Makandana, na Tupokigwe akateremka na mwanawe.