Itangishaka, Aliyefunga na Kufungua Njia za Bonde la Ruzizi

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, marehemu Itangishaka Herménégilde alinawa miguu. Mke wake alimwekea beseni ya maji baridi karibu na mlango, naye aliingiza mguu wa kuume, kisha wa kushoto, polepole, kama mtu anayeamsha watoto wawili. Aliyemuuliza alijibiwa hivi: "Macho iko na uvivu. Miguu ikiamuka, macho itafuata." Baada ya hapo alitoka kukimbia.

Baba padri, wazee wetu, ndugu mliotoka Songo na Katogota, na ninyi wote wa Luberizi: huyo ndiye tunayemuaga leo, Jumamosi tarehe 8 Juni 2002. Mimi ni Niyonkuru, mtoto wa dada yake Domitille. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba.

Marehemu alizaliwa hapa Luberizi tarehe 23 Februari 1954, mtoto wa tatu wa mzee Nduwimana na mama Bernardine. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Baba yake alikuwa na ng'ombe kando ya mto, na marehemu akiwa bado mdogo ndiye aliyepeleka maziwa misioni. Njia ilikuwa ndefu na jua la hapa mnalijua. Wazee wanasema watoto wengine walifika na maziwa yaliyoanza kuganda, lakini ya Itangishaka yalifika yakiwa bado na povu.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1961. Vita ya mwaka 1964 ilimkuta darasa la tatu, shule ikafungwa, naye hakurudi tena. Hata hivyo alisoma vizuri, na masomo ya misa aliyasoma kanisani kwa sauti ambayo haikuhitaji mikro.

Mwaka 1973 alipewa kazi ya kulinda mfereji wa mashamba ya mpunga. Mfereji ulikuwa na milango ya maji mitano, na yote ilitakiwa kufunguliwa kabla jua halijawa kali. Mlinzi aliyemtangulia alikuwa akitembea, na mpunga wa mlango wa tano ulikuwa ukikauka. Marehemu akaamua kukimbia. Mwaka ule, wenye mashamba ya mwisho walivuna sawa na wa kwanza, na hilo wanalisema hadi leo.

Kutoka kwenye kazi hiyo alipata zile njia zake tatu. Ya kwanza, Njia ya Maji, inafuata mfereji hadi karibu na Katogota, mpunga huku na huku, na nyangenyange wanainuka mbele yako kama nguo nyeupe zilizopeperushwa na upepo. Ya pili, Njia ya Ng'ombe, inashuka katikati ya malisho hadi mto Ruzizi, pale unaposikia viboko kabla ya kuwaona. Ya tatu, Njia ya Juu, inapanda kilima mpaka unaona ziwa lote, na milima ya Burundi ng'ambo. Kila Jumapili kabla ya misa alikimbia huko na vijana, na mtu akichoka alimpigia makofi: "Komera! Usiangalie vidole vya miguu, haviendi fasi yoyote. Angalia inchi yako, na milima yake!" Alitusimamisha pale juu tuone jua likigusa kwanza milima ya Itombwe, huku bonde letu likiwa bado kwenye kivuli. Wengi tulizaliwa hapa, lakini yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba ni pazuri.

Mwaka 1977 alishindana Uvira, kilometa ishirini, akawa wa pili kati ya watu sitini na wanne, bila viatu. Alipewa baiskeli na viatu vya turubai. Akarudi Luberizi kwa miguu, akiisukuma baiskeli.

Watu wa barabarani walimcheka. "Weye, unapewa kinga ya kupanda, unaitembeza kama mbuzi?"

"Bado haijanizoea," akajibu.

Haikumzoea kamwe. Mwaka 1979, tarehe 11 Agosti, alipofunga ndoa na mama Sidonie, baiskeli ikawa ya mama Sidonie, na ndiyo iliyobeba mpunga wao sokoni miaka kumi na tano. Viatu alivivaa kanisani tu, kwa sababu alisema mguu uliofunikwa hausikii njia. Mungu aliwajalia watoto watatu: Victoire, Bruno na Hyacinthe. Mama Sidonie alizoea kusema, "Minye niliolewa na mugongo. Uso yake naona saa ya kula." Naye marehemu alicheka, akamwongezea samaki kwenye sahani.

Ilipofika vita ya 1996 tulikimbia, kama ninyi wote. Tuliporudi mwaka uliofuata, watu waliogopa njia. Shamba lilikuwa pale, mtu analiona, lakini haendi. Hapo marehemu alianza jambo ambalo kila mtu aliye hapa analijua. Kila alfajiri alipita Njia ya Maji peke yake, na kwenye kila mlango wa maji alifunga pamoja majani mawili ya matete. Fundo bichi lilikuwa na maana kwamba Itangishaka amepita leo, njia iko salama. Fundo kavu ni la jana, usiliamini. Pasipo na fundo, rudi nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Lakini watu wakalima tena.

Siku moja ya mwaka 1999 alipita mapema, akaendelea hadi zahanati. Aliporudi saa sita alikuta kijiji kizima kimekaa na majembe.

"Muko na nini?"

"Njia haina fundo, Papa. Kuko vita."

Akaenda kuangalia. Akarudi amemshika mbuzi wa mama yangu sikio, jani la tete likining'inia mdomoni mwake. "Vita yenyewe njo hii. Domitille, jenerali wako huyu!" Tangu siku ile alifunga mafundo kwa urefu wa bega.

Mwaka 2000 goti lake la kuume lilivimba. Muuguzi alitoa maji mara mbili, akamkataza kukimbia. Tulidhani atavunjika moyo. Yeye alianza tu kuamka mapema zaidi, akatembea akichechemea, na mafundo yakawa tayari saa ileile.

Jumanne tarehe 9 Oktoba 2001 alikuwa amekwisha kupita na kurudi. Alikuwa anakula viazi vitamu, sisi tuko uani tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaingia Sévère, mchungaji wa ng'ombe, anahema. Alisema watu wenye bunduki wamevuka mto nyuma ya marehemu, wamejificha karibu na mlango wa tatu. Siku ile wanawake kumi na tisa wa hapa, mama yangu akiwemo, walikuwa wamekwenda kuuza mchele Katogota. Wangerudi kwa Njia ya Maji. Wangefika mlango wa tano, ulio upande wa Katogota, wangeona fundo bichi, wangeingia.

Marehemu aliweka kiazi chini. Mama Sidonie akamwambia, "Papa Victoire, goti yako."

"Goti ni yangu. Na fundo, nilifunga minye."

Bruno alikuwa amesimama tayari. "Papa, minye niko na mbio. Niache niende."

"Njo maana hauendi. Leo muntu mwenye mbio wanamupiga. Muzee wa kuchechemea, wanamuacha apite na kilema yake. Kaa na mama yako."

Alasiri wanawake walifika mlango wa tano. Mama yangu anasema majani yalikuwa mabichi, yamekunjamana pale fundo lilipokuwa, lakini yalikuwa wazi, kila moja peke yake. Fundo lilikuwa limefungwa, kisha limefunguliwa. Walielewa: aliyelifunga amerudi kulifungua. Waligeuka na mizigo yao, wakalala Katogota, na wote kumi na tisa wako hai. Bruno na Sévère walipopita huko siku ya nne, walikuta milango yote mitano mafundo yamefunguliwa, hata ule wa tatu. Yeye hawakumwona. Tumemtafuta miezi minane, hapa, Katogota, mpaka Uvira. Kwa hiyo leo, kama desturi yetu inavyoruhusu kwa mtu asiyeonekana, tunazika viatu vyake vya turubai kando ya mlango wa kwanza.

Marehemu ameacha mjane, mama Sidonie. Watoto watatu, Victoire, Bruno na Hyacinthe. Dada mmoja, Domitille. Na wapwa zake sita. Ameacha pia wanawake kumi na tisa na watoto wao arobaini na mmoja, ambao mama yangu amesema lazima waandikwe hapa kama jamaa, na familia imekubali. Tangu Pasaka, Bruno anapita Njia ya Maji kila alfajiri. Asubuhi ya leo mmekuja huku kwa sababu mmeona mafundo.

Mungu aipumzishe miguu ile, kwa sababu imefanya kazi yake.

Siku ile, kabla ya kutoka, aliomba maji mara ya pili. Mama Sidonie akaleta beseni. Aliingiza mguu wa kuume, kisha wa kushoto, bila haraka, nasi tukaacha kutwanga. Akaipangusa kwa mkono, akachukua fimbo ya Hyacinthe ya kuchungia. Akatoka uani akitembea, akifuata maji, na hatukumwona akigeuka.