Bunduki Iliyolala Sirisia

Benchi la Hashim, muuza kahawa, liko Kitale, nyuma ya msikiti, limeegemea ukuta wa duka la mbolea, na katika miguu yake minne ni mitatu tu ya kutegemewa. Hapo ndipo nchi hii huendeshwa siku za soko, na anayebisha aje asikie mwenyewe. Jumamosi moja ya Novemba, mwaka wa 2002, kampeni zimepamba moto hata mbwa wa mjini wanajua majina ya wagombea, benchi lilikuwa na kikao rasmi. Wenye bunduki za halali wa Kitale na Kachibora walitakiwa kuamua kama watamuunga mkono Mwalimu Wanjala. Barua ilikuwa imechapwa tayari, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Ilibaki kugongwa mhuri tu, na mhuri ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, Mzee Wakoli. Benchi lilimwita Stoo, kwa kuwa alitunza stoo ya majembe ya chuo cha wakulima kule Mabanga miaka ishirini na miwili na hakuna jembe lililotoka bila sahihi.

Wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza aliapa kukusanya bunduki zote azichome. Wa pili aliapa kwamba kila mlango utapata bunduki yake. Mwalimu Wanjala alisimama katikati, akasema maneno manne tu: kaa nayo, lakini tuione. Yaani kila mwenye leseni abaki na silaha yake, ila kuanzia Januari aipeleke kituoni mara mbili kwa mwaka ionekane kwa macho. Karatasi peke yake haitatosha.

Sasa hapa kuna jambo ambalo benchi halikulijua. Bunduki ya Wakoli, ile ya marisau aliyonunua alipostaafu, haikuwa kwake. Mwaka uliopita nyani walivamia mahindi ya wakwe zake huko Sirisia, na shemeji yake Levi akaja kuiazima kwa wiki moja. Leseni inasema asiishike mtu mwingine, lakini shemeji hanyimwi. Levi akapata kazi Nairobi, akamwachia mama yake bunduki, na mama akailaza chini ya kitanda chake. Kwao Wakoli mwanamume haingii nyumba ya mama mkwe, sembuse chumbani, sembuse mvunguni. Hata kumdai kitu kwa kinywa chake ni aibu ya kusimuliwa na wajukuu. Alimtuma mkewe Nasambu mara mbili. Mara ya kwanza alirudi na ndizi, mara ya pili na kuku, pamoja na salamu kwamba mama, tangu apate kile chuma, analala vizuri sana.

Na kuna jambo la pili, ambalo Wakoli mwenyewe hakupenda kulifikiria. Jana yake alfajiri, nyumbani Kachibora, alisikia nduru upande wa mtoni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ikipanda na kushuka kwa muda mrefu. Alikaa kitandani na suruali mkononi. Mtu anayejulikana lokesheni nzima kuwa ana bunduki atatoka na nini, na mwiko? Akamwambia Nasambu ni walevi.

— Hashim, hii kahawa leo ni kali, alisema Ngari, muuza mbegu na dawa za mifugo, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake. Yeye alikuwa na bastola tangu duka lake livunjwe. — Ongeza maziwa kidogo.

— Maziwa hakuna. Ile ya Kachibora haijakuja tangu jana. Kunywa chungu hivyo hivyo, ikufungue macho.

— Mimi nasema hivi, akaanza Kiplagat. Huyu alikuwa polisi wa akiba, amepewa bunduki na serikali ailinde Kachibora na wezi wa ng'ombe, na benchi lilimwita Kamanda. — Wanjala ako sawa. Lakini ako sawa sana. Mtu akiwa sawa sana, ujue iko kitu. Ati kaa nayo lakini tuione! Kwani mimi huja kwako nikwambie kaa na bibi lakini tumwone?

— Bibi yako tunamwona kila soko, alisema Hashim. — Si anauza mboga hapo?

— Hiyo ni mfano, bana!

— Tusikimbie, alisema Ngari. — Angalieni wale wengine. Mmoja anataka kuchoma zote. Mwingine anataka kila mlango ipate. Hata mlango ya Barasa wa busaa? Ule mtu akilewa anapigana na mti! Sasa Wanjala ako katikati. Na wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi.

— Profesa, hiyo methali ni ya tamaa, alisema Hashim.

— Kwani fisi hakuwa katikati?

Hashim akafikiri, akaona fisi kweli alikuwa katikati.

— Na mimi naongeza, alisema Kamanda, — mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Wakoli aliruka, kahawa ikamwagikia goti.

— Mvungu gani? Nani amesema mvungu?

— Ni methali, Stoo! Wanjala anataka kura, si ainame atuombe vizuri?

— Basi sema kura. Mambo ya mvungu inaingilia wapi?

Akapangusa goti. Januari ilikuwa wiki sita tu mbele, na katika wiki sita hizo angeweza kubadilisha dini kwa urahisi kuliko kubadilisha mila za mama mkwe. Akigonga mhuri, amejipeleka kituoni mwenyewe mikono mitupu. Akikataa, huenda akashinda yule wa kila mlango, na Barasa apate bunduki. Akaona heri kuipinga barua kwa jina la haki. Haki haiulizwi maswali.

— Mimi kama mwenyekiti, alisema, — naona tuahirishe. Bunduki yangu ni kama mkono yangu. Haitoki kwa mwili. Sasa mkono unapelekwa kituoni kuonwa?

Alisema hivyo akajisikia vizuri, kwa muda wa kumeza funda moja.

— Umesema ukweli! Kamanda akapiga paja. — Na mnajua itaendelea aje? Januari wanaandikia bunduki namba. Februari namba inataka insurance, kama gari. Machi wanasema bunduki zina ugonjwa, zipelekwe zote kwa dip kama ng'ombe. Inaingia hapa kavu, inatokea hapo maji tupu. Utapiga mwizi na nini? Na povu?

— Kamanda umeenda karibu, alisema Ngari. — Mimi naona mbali. Hii kuonyesha ikizoeleka, haiachi. Leo bunduki, kesho panga, mwezi ujao kisu ya jikoni. Mwisho utapanga laini kituoni umefungua mdomo, ofisa anahesabu meno. Ukikosa moja, uandike statement ilienda wapi.

— Wewe umekosa tatu, alisema Hashim. — Utafungwa maisha.

Wakacheka. Wakoli naye akacheka, lakini hofu ikimkaa mtu haimwachi anyamaze. Akavuta benchi mbele, likayumba, akashusha sauti.

— Nyinyi hamjui hii maneno. Chuma inakumbuka. Iko dawa Wazungu wameleta, inapakwa hapa kwa kitako. Ikikauka, inaonyesha kila mtu amewahi kushika. Inaonyesha mpaka mahali ililala. Kama ililala kwa blanketi, inaonyesha rangi ya blanketi!

Hata Kamanda alikuwa hajawahi kufika umbali huo.

— Sasa ikionyesha mahali ililala, alisema Hashim taratibu, — shida iko wapi? Si ililala kwako?

— Nimesema tu ni dawa mbaya.

— Sijakataa. Nauliza shida.

Wakoli alikuwa anatafuta methali ya kumfunga mdomo muuza kahawa alipokuja mwanamke wa makamo, miguuni gambuti zenye tope, mkononi debe la maziwa. Hakuwa mtu wa benchi. Wakoli alimjua kabla hajainua uso: Cherop wa mtoni, mjane, jirani yake, mashamba mawili tu kutoka kwake.

— Cherop! alisema Hashim. — Leo ni wewe mwenyewe? Mtu wako wa baiskeli ako wapi?

— Baiskeli ibebe nini? Cherop akaweka debe chini, likalia tupu. — Nimekuja kukwambia usiningoje tena, Hashim. Walikuja jana alfajiri nikiwa nimeshika kiwele. Wameenda na ng'ombe zote mbili. Wameniachia kamba.

— Pole, mama, pole sana, likasema benchi lote, na lilimaanisha. Ngari akampisha akae. Hakukaa.

— Habari yako, Baba Fridah, alimwambia Wakoli. — Habari, Kamanda. Mnisamehe, mimi nitauliza kitu moja tu, halafu nirudi. Mimi nilipiga nduru mpaka jua ikatoka. Watu wa jembe walikuja. Kirui wa mguu mbaya alikuja na fimbo. Nyinyi ndio muko na bunduki. Zilikuwa wapi?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi.

Kamanda akakohoa.

— Mama, mambo ya silaha za serikali haisemwi kwa benchi.

— Iko kwa fundi wa kuchomea mageti, alisema Hashim. — Nimeiona nikipeleka birika. Inangoja kushikiziwa mkanda, miezi minne sasa.

Kamanda akainama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

— Yangu iko, alisema Ngari haraka. — Iko kwa nyumba.

— Wapi kwa nyumba? aliuliza Cherop.

— Hiyo aulizwe bibi yangu Wacuka. Aliificha siku nilimwonyesha. Amekataa kusema.

Wote wakamgeukia mwenyekiti. Wakoli alitazama gambuti za Cherop, zenye tope la njia ile ile anayopita yeye kila siku, na aibu ikampanda kutoka magotini. Methali zote zilikuwa zimemkimbia.

— Yangu iko Sirisia, alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli asubuhi hiyo. — Mama mkwe ameiweka chini ya kitanda. Nilikusikia, mama Cherop. Nilisikia yote.

Cherop akatikisa kichwa polepole.

— Na huko Sirisia, ng'ombe za mama mkwe ziko?

— Ziko zote.

— Sasa si uende uchukue bunduki yako?

— Mimi siwezi kuingia hapo, unajua mila yetu. Na Nasambu akienda peke yake anapewa kuku. Lakini kama... Wakoli akapata wazo, uso ukamng'aa kidogo. — Kama mngeenda na yeye, wewe kama mgeni, mama hawezi kukataa mgeni. Wewe unaweza kuingia mpaka chumbani.

Cherop akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Ngoja nielewe, Baba Fridah. Mimi niende mpaka Sirisia, niiname kwa kitanda ya mama mkwe wako, nitoe bunduki, nikuletee kwako Kachibora. Ndio wewe unilinde?

Kamanda akatazama msikiti. Ngari akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaona hali haijabadilika. Hashim akainua birika awaokoe na kikombe kingine; likatoa matone mawili na masimbi. Kahawa ilikuwa imeisha.

— Na hii ni karatasi gani? Cherop alikuwa ameiona barua.

— Ya Mwalimu Wanjala, alisema Hashim. — Anataka wenye bunduki wakae nazo, lakini wazionyeshe. Hawa wanafikiria kama watamuunga mkono.

— Kumbe kuna mtu anataka kuziona? alisema Cherop. — Basi tuko wawili.

Wakoli akatoa mhuri mfukoni. Alijua anachogonga: Januari atasimama kituoni bila kitu, au mama mkwe ataanza kulala vibaya, na lolote kati ya hayo litasemwa mpaka Mabanga. Akapuliza wino. Akalijaribu benchi, likayumba.

— Nipe mahali pagumu pa kugongea, alimwambia Hashim.

Cherop ndiye aliyelipindua debe lake la maziwa, akamsogezea. Wakoli akaitandaza barua juu ya kitako cha debe na kugonga mara moja, kwa nguvu, na debe tupu likalia mpaka watu wa sokoni wakageuka.