Nunziata Cipollone, Mwalimu Aliyekataa Kiitaliano cha Kubahatisha

Mwalimu Nunziata Cipollone de Quiroga alizaliwa tarehe 4 Machi 1931 katika mji wa Sulmona, Italia, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu, Mzee Berardo, na Mama Assunta. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha akasomea ualimu huko L'Aquila na kuhitimu mwaka 1949, wakati dhiki ya baada ya vita ilikuwa bado haijaisha.

Mwaka uliofuata familia ilihamia Rosario, Argentina. Ndani ya meli watu walimhakikishia kwamba Kihispania hakina haja ya kusomwa, ni Kiitaliano kilichobadili nguo tu. Alishuka bandarini, akasikiliza watu wakiongea, akajua amedanganywa mchana kweupe. Basi alianza kukisoma Kihispania kutoka moja.

Kuanzia mwaka 1954 hadi alipostaafu mwaka 1996 alifundisha Kiitaliano katika chama cha wahamiaji cha mtaani kwao. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wahamiaji, na walikuja wakijiamini kupita kiasi. Mkate, divai, bahari, mkono: maneno ya lugha hizi mbili yanakaribiana mno, hata mtu anadhani ameshamaliza kusoma kabla ya kufungua kitabu.

"Hapo ndipo mnapoingia mkenge," aliwaambia. "Mhispania akitaka wingi anabandika s mwishoni, sisi tunabadili irabu. Na kuna neno ambalo kwetu ni upana, kwao ni urefu. Haya, nishonee suruali kwa kubahatisha, tuone utakavyotembea!"

Tarehe 12 Oktoba 1957 alifunga ndoa na Bwana Saturnino Quiroga, fundi wa reli, mtu asiyejua Kiitaliano hata chembe lakini aliyeamini anakijua. Siku ya posa alimhutubia mkwe wake kwa Kihispania chake cha kila siku, akibandika i kwenye kila neno na kurusha mikono hewani.

"Huyu kijana anaumwa?" Mzee Berardo alimwuliza bintiye.

"Haumwi, baba. Anakuheshimu."

Posa ikapokelewa. Hata hivyo bibi harusi aliweka sharti: Kiitaliano chake kiongewe sawasawa au kisiongewe kabisa.

"Si unanielewa, mke wangu?" Saturnino alijitetea.

"Nakuelewa. Ndiyo maana nakasirika."

Wakaishi kwa Kihispania, kwa upendo mwingi na ubishi usioisha, hasa Jumapili mezani penye tambi.

Tarehe 9 Juni 2014 marehemu alipata kiharusi. Mkono uliopooza ulirudi, Kihispania hakikurudi. Alibakiwa na Kiitaliano peke yake, na akisemeshwa Kihispania aligeuza uso machozi yakimlengalenga. Mzee Saturnino aliingiwa na hofu kubwa kwamba mkewe angeondoka bila wao kuongea tena. Akaenda kwenye chama kujiandikisha darasa la wanaoanza, linalofundishwa sasa na binti yao Mirta, akakaa benchi la mbele.

"Baba, nitakufundisha nyumbani," Mirta alimsihi.

"Hapana. Nifundishe kama hawa wengine, na nikikosea nikaripie."

Hakukosa kipindi. Jioni ya tarehe 20 Februari 2015 aliketi kando ya kitanda akamwambia mkewe kwa Kiitaliano safi, kila irabu mahali pake, kwamba nyanya za uani zimeiva, kwamba anampenda na kwamba anaogopa kubaki peke yake. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mkono.

"Mbona umechelewa hivyo, mzee wangu?"

"Niliona unanielewa."

"Nilikuelewa miaka yote. Nilitaka tu siku moja na wewe uje kwetu."

Waliongea hadi usingizi ulipomchukua. Alifariki asubuhi iliyofuata, nyumbani kwake, familia ikiwa imemzunguka.

Ameacha mume, watoto wawili, Mirta na Aldo, wajukuu watano, na wanafunzi waliotapakaa Rosario nzima. Mzee Saturnino ameomba itajwe hapa kwamba mwezi ujao anaingia darasa la pili, kwa sababu bado yapo mengi hajamwambia.

Mwenyezi Mungu ampokee mwalimu wetu, naye apumzike kwa amani.