Alama ya Binti wa Mchezo wa Bibi

Kwenye treni ya asubuhi, mhadhiri wa uundaji wa michezo ya kompyuta alikaa mbele yangu akisahihisha kazi za wanafunzi kwenye tableti. Jirani yake, mwanamama anayefundisha udereva, hakuwa na lake ila kuchungulia.

Mchezo wa binti mmoja ulihusu bibi anayetafuta miwani yake nyumba nzima. "Hebu nijaribu, kaka," mwanamama akasema. Bibi akateleza ngazini mara tatu, na mara zote mwanamama akaanza upya huku akicheka peke yake.

"Huyu binti nitamfelisha," mhadhiri akasema. "Insha ya nadharia hajaandika hata mstari. Hajui kwa nini wewe unarudia kucheza."

"Lakini si narudia? Mimi mwanafunzi namkabidhi usukani siku ya kwanza. Alama za barabarani atazijua mbele ya safari. Kwani wewe umeunda michezo mingapi?"

Mhadhiri akakohoa kikohozi kisicho na mafua. "Nimeandika vitabu viwili kuhusu michezo."

"Sikuuliza vitabu, kaka."

Nakiri nilikuwa upande wa mwanamama, mpaka mhadhiri alipouliza kwa upole, "Na gari lako la kufundishia, dada, liko wapi leo?"

Mwanamama akatazama dirishani. "Liko gereji. Mwanafunzi wa jana, ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza."

Behewa zima tukacheka, na yeye akacheka.

"Umemfelisha?" mhadhiri akauliza.

"Nimfelishe kwa kosa langu?"

Mhadhiri akarudisha macho kwenye tableti. Treni iliposimama, kisanduku cha alama ya yule binti kilikuwa bado kitupu.