Mzee Andongwisye na Mkanda wa Mwisho

Tarehe 30 Juni 1994 Mzee Andongwisye anaiacha mashine ya sinema ya ukumbi wetu hapa Kyela mjini, baada ya miaka ishirini na saba. Mimi nakata tiketi mlangoni, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua. Mengine hata mkewe hayajui, ila hayo tuyaache.

Alianza kwa kufagia. Mashine alijifunza kwa kuchungulia tu, mpaka ikawa hakuna mwingine anayeiweza. Filamu ikiwa ya Kiingereza, alisimama kando ya pazia anatueleza kwa Kinyakyusa. Kiingereza alijua nusu, nusu nyingine alijazia mwenyewe, na watu walikuja kumsikiliza yeye.

Iliyopendwa kupita zote ni ile ya Australia, ya bwana mfuga kondoo anayemwacha mkewe kwenye ukame, anaenda kutafuta maji. Sisi huku tunaomba mvua ipungue, lakini tulilia. Tatizo, mkanda wa mwisho ulipotelea njiani, haukufika kabisa. Basi Mzee akawa anamalizia kwa mdomo: bwana anarudi, mvua inanyesha, mke anapika wali. Miaka kumi na tisa hivyo hivyo.

Mwaka jana tukasikia Waaustralia wameisafisha ile filamu, inarudi kwenye kumbi kubwa. Mzee akaandika barua, Ahmada wa duka la vitenge akaifikisha Dar, na mwezi Mei mwaka huu ikaja mikanda yote. Hapo Mzee akakosa raha.

"Mama Ezra," akaniambia, "kama nimewadanganya watu miaka yote hii, uso nitauweka wapi?"

Nikamwambia huo wa mwisho aufiche. Akakataa, akasema kabla hajastaafu watu lazima waone.

Siku ya kuionyesha ukumbi ulijaa, hata banda la video la jirani lilikosa mtu. Picha safi, mpaka vumbi la kwenye kofia ya bwana unaliona. Anarudi na maji, nyumba tupu. Mke keshaondoka zake. Mwisho.

Mzee kainama nyuma ya mashine, hatazami mtu. Ndipo Bibi Marita, mfinyanzi wa vyungu kutoka Matema, akapaza sauti: "Wewe Andongwisye, hao Wazungu wamekosea. Hebu imalizie vizuri, watu twende nyumbani."

Waliokwisha simama wakakaa. Mzee akaja mbele ya pazia jeupe, akamrudisha mke, akanyesha mvua, na ule wali akaupika taratibu mpaka njaa ikatushika.

Sasa anaenda Ipinda kulima mpunga. Ndaga fijo, Mzee wetu, asante sana kwa yote. Upumzike kwa afya, wewe na mama. Na siku ukija mjini, pale mlangoni kwangu wewe unapita tu.