Kisigino Kilichovunjwa kwa Makusudi

Benchi lenyewe linatosha watu watano wakipatana, au watatu wakiwa wamegombana. Limeegemea ukuta wa kinyozi na kutazamana na kibanda cha fundi viatu, na hapo katikati ndipo Bi Kahawa huweka birika lake na vikombe vyake visivyo na vishikio. Ikishafika saa sita mchana, mambo ya jiji hukatiwa shauri hapo kabla jiji lenyewe halijapata habari. Siku hiyo hapakuzungumzwa siasa wala mpira. Jiji lilikuwa limetangaza tamasha la filamu za makala, zile za mambo ya kweli zisizo na waigizaji, na kumkaribisha kila mwenye filamu yake ailete. Na fundi viatu, ambaye hata mkewe humwita Soli, alikuwa na mpwa, binti wa dada yake, aliyekaa nao pale miezi miwili na kamera ya kuazima, akatoka na filamu ya dakika ishirini na tatu juu ya mjomba wake na benchi lake. Tangu hapo watu wa benchi walitembea kifua mbele. Wembe, kinyozi, alikuwa ameshaandika kwenye kioo cha duka lake: "Kama mlivyotuona kwenye filamu", ingawa filamu yenyewe hakuna mtu aliyekuwa ameiona.

Kilichobaki ni karatasi moja. Fomu Namba 7B, Tamko la Uhalisia, ijazwe na mhusika mkuu na kuwasilishwa leo kabla ya saa kumi na moja jioni, pamoja na filamu isiyopungua dakika ishirini. Mpwa alimwachia mjomba wake asubuhi, akasema atapita mchana kuichukua ikiwa imesainiwa. Soli alikuwa ameisoma mara sita. Kila mara akifika mstari wa nne alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, akaivaa tena ikiwa chafu zaidi.

– Hebu nisomee huo mstari unaokutoa jasho – alisema Karani, mzee aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kugonga mihuri, ambaye hupenda fomu kama wengine wanavyopenda muziki.

– "Nathibitisha kwamba hakuna tukio lolote katika filamu hii lililoigizwa, lililopangwa au lililoandaliwa kwa ajili ya kamera."

– Lugha safi. Maneno matatu mahali ambapo moja lingetosha. Huyo aliyeandika ni mtu wa ofisi hasa. Saini.

– Nasaini vipi?

– Kwa mkono.

Soli akatazama huku na huku, akashusha sauti.

– Yule dada wa kisigino.

Kipande hicho wote walikijua, maana walikuwepo kikipigwa. Dada anakuja mbio, kisigino mkononi, ana usaili wa kazi baada ya robo saa. Soli anakipachika kwa dakika nne, misumari mdomoni, dada anavaa na kukimbia, benchi zima linapiga makofi. Mpwa alikuwa amesema hiyo ndiyo roho ya filamu.

– Ana nini? – akauliza Bi Kahawa.

– Ni shemeji yake Wembe.

– Hilo si kosa – Wembe akadakia. – Kila mtu ni shemeji ya mtu.

– Kiatu kilikuwa kizima. Kisigino nilikivunja mwenyewe jana yake jioni. Kwa nyundo. Na hakikutaka kuvunjika, kilikuwa kiatu kizuri.

Mkono wake ulikuwa bado unakumbuka. Miaka kumi na tisa nyundo ile ilikuwa haijapiga kiatu kizima.

– Na mpwa wako anajua? – Bi Kahawa akauliza.

– Hajui. Aliponiambia ndiyo roho ya filamu, nilitabasamu kama bwege. Sasa nikisaini, uongo wangu unakwenda ofisini ndani ya filamu yenye jina lake. Nisiposaini, filamu haiendi. Miezi miwili yake yote imekwisha hapa, kwenye benchi.

Karani akaweka kikombe chini. Alikuwa na sura ya mtu aliyerudishwa kazini.

– Tuanze na maana. "Kuandaliwa kwa ajili ya kamera." Mimi siku ile nilivaa koti. Koti ni uigizaji?

– La kuazima ni uigizaji – Wembe akasema. – Mikono ilikuwa inakufika kwenye kucha.

– Hukuulizwa. Nasema, mtu akivaa vizuri...

– Mimi nilikuchekea – Bi Kahawa akamkata. – Miaka kumi na mmoja nakumiminia kahawa, sijawahi kukuchekea. Fomu hiyo nikiisaini mimi, natupwa ndani.

– Kumbe kile kicheko...

– Kilikuwa cha kamera, baba. Pole.

Karani akaupokea msiba huo kama mtumishi wa umma, yaani akafungua jalada jingine.

– Haya, picha ya kitambulisho je? Unaambiwa usicheke, usikodoe, inua kidevu. Huko si kupanga? Basi nchi nzima tunatembea na vitambulisho vya kuigiza.

– Na harusi – Wembe akasema. – Bwana harusi anamlisha mkewe keki mara tatu kwa sababu mpiga picha alikuwa anabadili betri. Kwa hiyo ndoa zote za siku hizi ni maigizo.

– Yako hasa.

– Bi Kahawa, tuheshimiane. Na misibani je? Nimemwona mtu kwa macho yangu, amekaa zake kimya. Kamera ikageuka upande wake, akaanguka chini, wakamshika watu wanne. Kamera ikaondoka, akainuka, akauliza viatu vyake viko wapi.

– Mnazunguka tu – Karani akasema, na sasa alikuwa amesimama. – Shikeni kamati yenyewe. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi atakata utepe. Utepe huo umefungwa asubuhi ili ukatwe mchana, mbele ya kamera, kwa mkasi uliowekwa juu ya mto. Kama hilo si tukio lililopangwa, nionyesheni lililopangwa. Tamasha haliwezi kusaini fomu yake lenyewe.

– Kwa hiyo? – Soli akauliza.

– Kwa hiyo ukweli, kisheria, haupo, na fomu ni batili. Saini.

Soli alishika kalamu, akaiweka tena. Hoja ilikuwa nzuri mno. Hoja nzuri namna hiyo, kwa alivyozijua za Karani, huwa na shimo mahali.

– Aliyebaki wa kweli ni paka peke yake – Wembe akasema kwa huzuni. – Filamu nzima kalala miguuni kwa fundi. Yeye hakupangiwa na mtu.

Bi Kahawa akakohoa.

– Nilikuwa namwekea maziwa chini ya kiti. Alikuwa hakai.

Wembe akashika kichwa. Paka naye.

Wakiwa katika hali hiyo mpwa akatokea, begi la kamera begani, kompyuta kwapani, amekunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kushinda kitu. Soli alikuwa ameandaa hotuba tangu asubuhi, yenye salamu, utangulizi na mifano. Ilipofika wakati wake, yakatoka maneno machache tu.

– Mwanangu, kile kisigino nilikivunja mimi.

Binti akamtazama mjomba wake. Akamtazama Wembe, na Wembe akatazama ukuta wa duka lake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Akakaa mwisho wa benchi taratibu.

– Mbona hukuniambia, mjomba?

– Ulikuwa umefurahi.

Binti akashusha begi begani. Alifungua kompyuta magotini, akabonyeza hapa na pale, akapumua.

– Kinatoka. Dakika nne zote. Inabaki kumi na tisa.

– Na wao wanataka ishirini – Karani akasema polepole, kama daktari anayetoa majibu. Kisha uso ukamchangamka. – Lakini hili dogo. Soli akiri tena kama alivyokiri sasa hivi, wewe upige. Dakika nzima hiyo, na ni kweli tupu.

– Akikiri mara ya pili atakuwa ameigiza kukiri – Bi Kahawa akasema.

Karani akafungua mdomo, akatazama mstari wa nne, akaufunga.

Binti akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akatoa kamera, akaipakata, akaiwasha.

– Basi ongeeni tu. Chochote. Kama mlivyo kila siku.

Benchi ambalo halikuwahi kunyamaza tangu lilipopigwa randa likafa kabisa. Wembe akaweka mguu juu ya mguu. Karani akakunja uso wa kufikiri. Bi Kahawa akalifuta birika ambalo tayari lilikuwa safi. Soli aliisikia saa ya kinyozi ikigonga kule ndani, na kila mlio ulikuwa ni wakati wa binti wa dada yake unaokwenda.

Sasa, upande wa pili wa benchi alikuwa amekaa fundi bomba mmoja, mgeni, buti zake zimejaa tope. Alikuwa anawasubiri watu wa maji waje wafunge mkondo mkuu, na alikuwa amekunywa vikombe viwili bila kusema neno. Akamgeukia Soli.

– Samahani, fundi. Mimi ni mgeni hapa. Hivyo vinavyoning'inia kibandani kwako vyote ni viatu vibovu?

– Vibovu.

– Pea ngapi?

– Kumi na nne.

– Sasa kwa nini ulivunja kizima?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza maji yanavujia wapi. Karani, ambaye kwa miaka thelathini alijibu kwa niaba ya serikali maswali ambayo serikali haikuyaweza, akachungulia ndani ya kikombe chake. Wembe akashusha mguu. Watu wote wakamtazama Soli, na Soli akavitazama viatu vyake ishirini na vinane, pea kumi na nne zilizofungwa kwa kamba, kila moja na kikaratasi chake. Alipoambiwa filamu, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomjia akilini.

Akainuka, akaangua buti moja jeusi, akakaa nalo, akaanza kung'oa soli iliyochoka.

– Hili la mlinzi wa ghala – akasema, kwa buti zaidi kuliko kwa watu. – Anasimama usiku kucha. La kulia ndilo linaisha kwanza, maana huegemea huko. Goti la kushoto linamsumbua. Hajaniambia, limeniambia hili. Huwa namwongezea unene upande mmoja, kidogo tu, asijue.

Akachukua uzi, akaupaka nta, akaelekeza kidevu juu bila kuacha kushona.

– Vile vya kahawia vya mwalimu. Vyake huisha ncha, kisigino kizima. Ubao uko juu, yeye mfupi, mwaka mzima anaandika akiwa amechuchumia. Na kile kidogo cha kamba, cha mtoto wa tatu. Walianza dada zake. Nimekishona mara tano, sasa uzi ni mwingi kuliko ngozi, na bado kinakwenda shule kila siku.

Sauti yake haikupanda. Ila alivitaja kimoja kimoja kama mtu anayesoma majina ya wajukuu waliofaulu, na mgongo wake, uliokuwa umejikunja tangu asubuhi, ukawa umenyooka wenyewe. Karani akavuta pumzi ili achangie. Bi Kahawa akamjazia kikombe mpaka mdomoni, kikamhitaji kwa mikono miwili na midomo yote.

Muda ukapita. Watu wa maji wakaja, fundi bomba akaenda zake. Soli alikuwa ameshamaliza upande mmoja.

– Mjomba – binti akasema. – Nimepata dakika sita. Sasa unaweza kusaini. Ni saa nane na nusu.

– Mwenye buti anakuja saa tisa – Soli akasema, uzi ukiwa menoni. – Nikimaliza.

Na Fomu Namba 7B, ya ukoo wa zile zinazowangojesha watu foleni tangu alfajiri, ikakaa benchini ikasubiri zamu yake.