Paja Langu Mkononi mwa Godana

Asifiwe Bwana aliyenileta hapa mbele, kanisani, kwa miguu yangu miwili! Ndugu zangu wa Garsen, na ninyi mliokanyaga matope kutoka Kilelengwani, mnanijua. Mimi ni Baba Buya, mvushaji. Maisha yangu yote nimesimama kwenye mtumbwi, upondo mkononi, nikiwavusha ng'ambo ya Tana, na mkichelewa nawagombeza. Leo sitamgombeza mtu. Leo nawaeleza jinsi nilivyokaribia kufa kwa ujinga wangu mwenyewe, huku nikiuita imani.

Mwaka ule wa mafuriko ya El Nino nilikuwa tayari na ugonjwa wa sukari, na nyayo zangu zilikuwa zimekufa ganzi. Nilikanyaga kigingi majini nisisikie chochote. Mke wangu ndiye aliyeona damu ndani ya mtumbwi, akaniuliza nimechinja nini humo. Nilicheka! Baada ya wiki mbili sikucheka tena. Kidonda kilikuwa kinanuka, na vidole viwili vimeanza kuwa vyeusi.

Sasa sikieni kosa langu. Hospitali waliniambia nipunguze sukari na wanga. Mimi nikapunguza kila kitu! Samaki nikamwacha, kwa kuwa kwetu tunasema samaki huozesha kidonda, na mtu wa mtoni akiacha samaki anabaki na nini? Kisha nikafunga. Siku tatu kila wiki sikutia kitu kinywani, na siku nilizofungua nilikunywa chai ya rangi na uji mwepesi. Mlipokuja kuniombea mkaniona nimekonda, niliwaambia kwa furaha kwamba ni ugonjwa unaotoka. Ndugu zangu, kumbe aliyekuwa akitoka ni mimi!

Ndipo akaja Godana. Wengi mnamjua, yule mfugaji wa Kiorma anayevuka nami akienda kuuza maziwa. Hakuniona kivukoni, akaja hadi nyumbani kuniuliza nimemkosea nini hata nimkimbie. Hakutazama kidonda hata kidogo. Aliinama, akalishika paja langu na kulibinya, vile wanavyombinya ng'ombe wakati wa kiangazi ili wajue kama ataishi hadi afike mvua. Ngozi ilijaa mkononi mwake, nyama hakuna.

"Baba Buya, hapa imekwisha," akasema. "Kidonda hapana maliza wewe. Njaa namaliza wewe."

Nilikasirika! Nikamwambia, "Mimi si ng'ombe!"

"Ungekuwa ng'ombe," akasema, "mimi nachinja wewe jana."

Akaweka kibuyu cha maziwa mlangoni, akaenda zake. Nikamwambia mke wangu akiondoe, maana nilikuwa kwenye mfungo. Mama Buya muda wote ule alikuwa akipika nilichotaka na kulia jikoni. Siku hiyo alikimimina kikombeni, akanisogezea mdomoni. "Mungu amekuomba moyo," akasema. "Nani alimwahidi mapaja?" Nikanywa, ndugu zangu. Nilikunywa huku nikilia.

Kesho yake walinibeba juu ya kitanda hadi barabarani, tukafika hospitali. Daktari alikuwa kijana mgeni, hajawahi kuchunga hata mbuzi. Aliniketisha kitini, akaniambia nikunje mikono kifuani nisimame. Nikajaribu mara ya kwanza. Nikajaribu tena. Mimi, niliyekuwa nikisimama kutwa juu ya maji yanayokwenda, kiti kilinishinda! Daktari akainama, akalishika paja langu. Pale pale! Pale pale alipopashika Godana!

"Mzee," akasema, "kidonda tutakiosha, na vidole hivi viwili tutavikata. Lakini misuli ikiisha hivi, mwili unakosa nguvu ya kupona. Wengi tunawapoteza hapo. Kula samaki, mayai, maharagwe. Vidonge usiache. Na mfungo, basi."

Nilijiuliza ni nani aliyewafundisha watu wawili hawa, ambao hawajaonana, kutia mkono mahali pamoja.

Vidole vilikatwa. Mama Buya alinipikia samaki niliyemsingizia, na kila asubuhi alisimama mbele ya kiti changu nikamshika mabega, nikainuka. Mara tatu, baadaye mara tano. Kidonda kilichukua miezi kujaa, tena kilijaa polepole, nyama nyekundu safi, na paja nalo likaanza kurudi. Sukari ningali nayo, nasema kweli. Lakini mimi ni mzima!

Ewe unayenisikia, kama una kidonda mguuni usikifiche ndani ya kiatu. Nenda hospitali, ule, na umtumaini Mungu, maana mkono wake hukujia kwa mtu usiyemtazamia. Mimi ulinijia ukinuka maziwa, nami nikaufokea.

Asubuhi hii mchungaji aliponiita, niliinuka kutoka kwenye benchi lile mikono ikiwa kifuani. Ninyi hamkuona, mlikuwa mnapiga makofi. Lakini nilikuwa nimemwalika Godana, naye amesimama pale nje dirishani na kibuyu chake. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa anatazama mapaja yangu, na nilipofika hapa mbele, alitikisa kichwa kukubali. Utukufu kwa Bwana! Huyu atafika mvua!